Makofi Kabla ya Sauti

Mbeya, 2 Juni 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimepiga goti na kupiga makofi huku huku chumbani, kama ulivyonifunza, na wenzangu wananicheka. Habari za Mpui? Goti lako limepunguza ukorofi? Mimi ni mzima.

Uliniuliza kinachonishughulisha hata siandiki. Tunatengeneza podikasti, yaani vipindi vya sauti kama vya redio, ila msikilizaji hufungua wakati anaoutaka. Tulioanza ni wanafunzi wachache wa udaktari. Mwaka huu wa tatu tumeingia wodini, na wengi wanalemewa, kisha wananyamaza. Mwenzetu mmoja aliondoka chuoni bila kumuaga mtu. Ndipo tukasema: anayelemewa asimulie, bila kutaja jina, ili wengine wajue kwamba hawako peke yao. Tunarekodi ndani ya kabati la mwanafunzi mwenzetu Meshack, kwa kuwa nguo huzuia mwangwi. Meshack ni mrefu. Humo hukaa amejikunja kama panzi.

Kazi yangu ni kukata vikohozi na kuziunganisha sauti. Mimi sisimulii.

Mjukuu wako,
Silvana


Mpui, 16 Juni 2024

Mjukuu wangu Silvana,

Marahaba. Goti ni lile lile, lakini ulezi tumekwisha kuuvuna na sasa tunapeta. Mama yako yuko Kasanga na dagaa wake, anakusalimu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, wala sikuipenda. Mgonjwa anataka daktari aliyetulia. Nani atakubali kuchomwa sindano na mtu aliyemsikia akilia redioni? Mambo ya moyoni huambiwa mama, au bibi, au padri. Waambie wenzako waandike kwao.

Jirani yetu Evodia, ambaye hawezi kulala na neno tumboni, anasema nikuambie kwamba msichana akijifungia kabatini na kijana mrefu, jina lake si podikasti. Nimemkanya. Hata hivyo, nijibu.

Bibi yako,
Fransiska


Mbeya, 30 Juni 2024

Bibi,

Shikamoo. Mwambie mama Evodia kwamba kabatini huingia mtu mmoja mmoja.

Nimempa kondakta wa basi bahasha yenye memori kadi ya vipindi vyetu. Itie kwenye redio yako, pale ubavuni. Sikiliza kwanza, kisha unikaripie. Likizo sitakuja, nina kazi. Usiwe na wasiwasi nami.

Mjukuu wako,
Silvana


Mpui, 14 Julai 2024

Mjukuu wangu Silvana,

Marahaba. Barua yako haikuliulizia goti langu. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi.

Redio niliifungulia uani, tukiwa tunapeta ulezi, mimi na majirani, Evodia na Mariana. Msimuliaji wa kwanza alifeli mtihani wa dawa. Mariana akaiambia redio, "Pole, baba," kana kwamba kijana amekaa kigodani. Wa pili aliogopa damu. Evodia akasema, "Huyo akauze vitenge." Tukacheka.

Kisha akaja wa tatu. Sauti mmeichezea hata ikawa nene kama ya Zephania anayeuza mbuzi. Akasema alikuwa akimfundisha mtoto wodini kuhesabu vidole vyake, na siku moja alipofika alikuta kitanda kimetandikwa upya. Hakuna aliyemwambia neno, kazi iliendelea. Akasema mwezi wa nane ataacha udaktari, na nyumbani hajasema.

Lakini kabla hajatamka lolote, nilisikia makofi laini, yale ya viganja vilivyokunjwa kidogo. Nani humsalimu hivyo mtu asiyemwona? Nani, kama si mtoto aliyelelewa katika ua huu? Vikohozi vya watu wote ulivikata, Silvana. Makofi yako uliyaacha, kwa sababu kwako hayo si kelele.

Mariana aliweka ungo chini, akaitikia kwa makofi. Evodia akaiinamia redio, akaiuliza: "Mwanangu, wewe ulitumwa kumhudumia yule mtoto, au kumfufua?"

Sikukaripii. Nilisema mambo ya moyoni aambiwe bibi, na bibi ameambiwa. Njia uliyopita si hoja. Loth wa duka la kuchaji simu ameturekodi, na majibu yetu yamo katika kadi hii. Evodia ameongea mno, mkateni.

Udaktari ukiuacha, rudi, chumba chako kipo. Ukibaki, usibaki kwa kutuogopa sisi. Ila usiondoke kimya kimya kama yule mwenzenu. Usiponijibu, nitapanda basi na goti langu hili.

Bibi yako,
Fransiska


Mbeya, 4 Agosti 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Na goti, je? Tafadhali lisipande basi.

Kadi yako ilinikuta nimekwisha kufunga begi. Nilikuwa naona haya kuisikiliza peke yangu, kwa hiyo tulikaa wote chumbani kwa Meshack. Mlipoitikia makofi yangu, nililia mbele ya watu, na hakuna aliyegeuka pembeni. Kisha mama Evodia akaanza kumpigia debe mpwa wake anayetafuta mke, tukacheka hata jirani akagonga ukuta. Nilitaka kumkata. Wenzangu wamekataa katakata.

Kesho yake nilimfuata daktari anayetufundisha wodini, nikamwambia kwamba yule mtoto hanitoki akilini. Aliweka kalamu chini, akasema, "Keti." Akanisimulia mgonjwa wake asiyemtoka. Sikujua kwamba naye ana wa kwake.

Begi nimelifungua. Nimebaki, Bibi, na si kwa kuwaogopa. Nimerekodi tena, safari hii kwa sauti yangu mwenyewe. Kadi imo humu. Majibu yenu tumeyatoa kama kipindi, na wanafunzi wanauliza akina mama wa ulezi watasema tena lini. Nimewaambia wasitarajie mengi, kwa kuwa kupeta kunakaribia kwisha.

Mjukuu wako,
Silvana


Mpui, 18 Agosti 2024

Mjukuu wangu,

Marahaba. Goti linakushukuru kwa kuliuliza.

Tumekusikia. Sauti yako ni nzuri kuliko ya Zephania. Evodia anauliza Meshack ana urefu gani hasa.

Ulezi ulikwisha juma lililopita, tumeutia ghalani. Jana Mariana na Evodia walikuja tena uani, wakaketi mahali pao, kila mmoja na ungo mtupu magotini, wakaitazama redio. Tuma kadi nyingine.

Bibi yako,
Fransiska