Punguza Kidogo

Jumatatu, 3 Juni
Maganda ya risasi yamesafishwa, fataki za kuwashia zimekaa, baruti imepimwa. Bado vichwa, zile ncha zinazoruka. Vinakaa juu mno kwenye maganda. Risasi ikiingia kwenye bunduki, kichwa kinagusa mifereji ya mtutu, na matundu yanatawanyika kwenye ubao wa shabaha kama vifaranga walioona mwewe. Nimemwambia msaidizi wangu Rajabu apunguze kidogo, nikaenda kunywa chai.

Msimu wa uwindaji umekaribia. Bi Zuena, mwenye kampuni ya uwindaji, atakuja Jumamosi kujionea. Matundu yakikaa pamoja, karakana yetu ya risasi inaendelea. Yakitawanyika, atanunua risasi za kiwandani na mkataba wa Rajabu utaishia hapo. Atarudi kwao Kisarawe.

Sitaki arudi. Simwambii.

Jumanne, 4 Juni
Vibaya kuliko jana. Vichwa vimepanda badala ya kushuka! Nimekaza mwenyewe skrubu ya mashine inayozamisha vichwa, nikamwachia kazi. Nimemkumbusha: punguza kidogo.

Rajabu ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Babu zangu walipita kwao wakipeleka mizigo pwani, tukarithi utani. Leo kasema sisi tulizoea kubeba vitu kichwani, ndiyo maana vichwa vimetushinda. Nimecheka. Pia nimeudhika.

Jumatano, 5 Juni
Yaleyale. Asubuhi nashusha, jioni vimepanda. Mchawi nani?

Alhamisi, 6 Juni
Naanza kuamini ananifanyia makusudi. Mtani ana ruhusa ya kuninyang'anya jogoo, hata kulala kaburini kwetu mpaka apewe chochote. Lakini hapa anachezea ugali wake mwenyewe. Nina hasira naye. Chakula cha mchana nimekula peke yangu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemkuta kwenye mashine akizungusha skrubu kushoto, anailegeza. Nimemuuliza kwa ukali anafanya nini.

"Si ulisema nipunguze, dada? Napunguza kuzama."

"Urefu, Rajabu. Nilisema upunguze urefu."

Kumbe. Nikishusha, yeye anapandisha, wote tunapunguza. Tumecheka hadi mlinzi akaja kuchungulia. Rajabu aliporudi kutoka msikitini tumeanza upya. Neno "punguza" tumelipiga marufuku. Sasa ni "zamisha" au "inua", basi. Tumezamisha kidogo kidogo, tukipima na kujaribu, mpaka matundu yakaanza kusogeleana. Ningekuwa nimemuuliza Jumanne, nisingenuna bure.

Jumamosi, 8 Juni
Uwanja wa shabaha, njia ya Goweko. Nimempa Bi Zuena shikamoo, nikalala kifudifudi, nikapiga. Matundu yote yangefunikwa na kizibo cha soda. Bi Zuena ameangalia ubao, ameangalia tena, akasema tuendelee msimu mzima, wote wawili. Rajabu kamwambia siri ni kwamba kazi ilishikwa na Mzaramo. Nimemwacha aseme.

Jumapili, 9 Juni
Misa ya kwanza. Baridi kidogo. Baada ya kutoka, jirani ameniuliza kama ni kweli yule Mzaramo wetu anaondoka. Nimemjibu kwamba, kwa bahati mbaya, anabaki. Nimetembea hadi nyumbani nikitabasamu peke yangu.