Siku Kumi na Tisa za Pongezi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umepoa na cherehani inazunguka. Mama hajambo? Mimi mwili ni mzima, usingizi ndio hauji.

Kwenye simu uliniambia kwamba hakuna mteja anayepimwa suruali dukani kwako bila kusimuliwa habari za binti yako. Nilicheka, kisha nikakata simu. Ukadhani mtandao umekatika.

Kazi yetu nilishakueleza: katikati ya galaksi ya mbali mna shimo jeusi, nalo hurusha mchirizi wa chembe zinazokwenda kasi karibu sawa na mwanga. Mchirizi ukituelekea, hutuletea miali ya gama. Wiki tano zilizopita niliona miali ya galaksi moja imeongezeka mara tatu kwa siku moja. Profesa wetu akawatangazia wanaanga wenzetu papo hapo. Jirani yangu wa meza, tunayemwita Mama Pacha, alikuwa amengoja zamu yake ya darubini miaka miwili. Akaniachia, akinitania kwamba nikishakuwa mkubwa nisijifanye simjui. Darubini ikakuta galaksi imetulia. Tukasema tumechelewa kidogo tu.

Tangu hapo sina pa kupumulia. Kwenye ngazi napongezwa, msalani napongezwa. Dirisha letu limegandishwa kwa rangi, halifunguki; nakaa chini yake nikijibu pongezi. Profesa anataka makala iende Ijumaa, jina langu likiwa la kwanza.

Baba, haikuwa galaksi. Ulikuwa mwezi, huu huu unaouona ukiwa uani. Nao hutoa miali ya gama kidogo, na kila baada ya siku ishirini na saba hivi hupita karibu na galaksi ile. Saa hizo huondolewa kwenye vipimo. Mimi nilisahau kuziondoa. Nimelijua hilo kwa siku kumi na tisa, na kila Mama Pacha aliponiuliza kama zamu yake imezaa kitu, nilimjibu bado tunachambua.

Leo asubuhi nimemwambia. Hakunifokea. Aliuliza tu nimejua tangu lini. Nilipomtajia tarehe, akabeba kompyuta yake akahamia chumba kingine.

Profesa nimemwandikia pia. Namsikia ukumbini anaulizia niko wapi. Nitaitika nikishaweka sahihi kwenye barua hii.

Msalimie Mama, na dada zangu wote.

Mwanao,
Kitindamimba