Nusu ya Sentensi Iliyobaki

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kufikiri, maana peke yangu nimezunguka hadi nimechoka.

Mimi ni msahihishaji mstaafu wa kiwanda cha uchapaji, na tangu tutawanyike, sisi tuliokaa mtaa mmoja tuna baraza letu mtandaoni, ambako kila asubuhi naketi dirishani na chai yangu na kuurudia mtaa ule kama anayetembea usingizini, nikiona ngazi, kamba za nguo, mlango wetu wa buluu uliokuwa ukivimba wakati wa mvua, na kuyaandika yote. Lakini chini ya kila ujumbe kuna kisanduku cha kutia alama, “usihifadhiwe”, na mimi nimekitia alama miaka tisa bila kukosa, ujumbe ukafutika baada ya siku thelathini, kwa sababu kiwandani tulichana karatasi za majaribio kila jioni na kwa sababu aliyehama mara tatu hapendi kuacha vitu nyuma yake.

Sasa msimamizi ametangaza kwamba mwisho wa mwezi mazungumzo yote yatatiwa kwenye hifadhi ya kudumu, na baada ya hapo hakuna kufuta. Nikaenda kutazama, nikitarajia kukuta pangu patupu. Nikajikuta, Mshauri. Rafiki tunayemwita Jirani wa Juu hujibu kwa kunukuu, na alichonukuu ni mali yake, mimi siwezi kukifuta. Miaka tisa yangu imebaki vipande, kama mtu aliyeonekana kwa kupita madirishani. Na kipande kimoja, cha mwaka wa nne, kinasema: “Siku tuliyoondoka, kaka alitufungia mlango kwa komeo.” Chini yake Jirani ameandika: “Wanasema damu nzito. Kumbe komeo ni zito zaidi.” Watu wakacheka.

Sentensi yangu iliyofuata haipo. Nilisema mama alikuwa mgonjwa, alitaka kutufuata pekupeku, na safari ile ingemuua. Kaka alimfungia ndani ili aishi.

Juzi binti mmoja aliniandikia: “Babu mdogo, mimi ni mjukuu wa kaka yako. Kila Ijumaa namsomea babu baraza lenu tangu mwanzo. Tumemaliza mwaka wa tatu.”

Na mimi na kaka husalimiana kwa simu, habari za magoti na mvua, lakini siku ile hatujawahi kuitaja. Nimwombe Jirani afute?

Mwenye Kalamu Nyekundu

JIBU

Shikamoo, mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sababu ya ule mlango wa buluu.

Sasa nikugombeze. Uliwasimulia watu baki kwa nini kaka alifunga, na kaka mwenyewe hujamwambia kwamba ulielewa. Alama ya kisanduku haikukulinda. Imekula maneno yako ya huruma na kukuachia yenye uchungu, kwa kuwa watu hunukuu kinachowachoma. Jirani usimlaumu, alijibu alichokiona.

Usimwombe afute kwanza. Kufuta kimyakimya ni kumfungia kaka mlango mwingine. Mpigie simu kabla ya Ijumaa. Usianze na habari za hifadhi, hatazielewa na wewe utajificha humo. Mwambie sentensi ya pili, ile iliyopotea, kwa mdomo wako. Halafu mwulize kama anataka siku ile ibaki. Akikataa, mwandikie Jirani siku hiyohiyo, aondoe. Mtu mzima akiombwa vizuri hufanya. Akikubali, sentensi hiyo iandike upya chini ya mzaha wa Jirani, na mkono wako usiguse kisanduku.

Na kaka akinyamaza kwenye simu, usikate. Ngoja. Komeo la miaka mingi halifunguki kwa mvuto mmoja.