Kaka Ouma, Nukta Yako Ilituchomea Mbegu

Mpendwa kaka yangu Ouma,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitajifanya nimetulia. Tangu uende ng'ambo kusoma, salamu zako kwa Mama zinafika vizuri, unauliza baridi ya Eldoret na kama paka bado yuko. Kuhusu ile mashine ya wakulima wa Moiben, kimya. Nikipita sokoni sikosi mkulima wa kuniuliza, "Ndugu yako amesema nini?" Nimjibu nini, na wewe hujasema kitu?

Unakumbuka tulivyoanza, pale kwenye duka letu la kutengeneza redio. Wakulima walikuwa wamefanya harambee wakanunua kikaushio cha mahindi ya mbegu, nawe ukawaahidi kifaa cha kukichunga: kipime joto, na likizidi kizime moto, maana mbegu ikipikwa haioti. Chipu yenyewe tulisubiri kibali cha kuiagiza mpaka Mama akachoka kuiombea. Ilipofika uliibusu, ukacheza nayo kati ya meza. Na kwa kuwa hatukuwa na taa maalum ya kufuta programu iliyokosewa, tuliianika chipu juani siku nyingi ili mwanga uifute, kwenye sinia moja na omena za Mama, vile visamaki vyake, majirani wa mtaa wetu wa Munyaka wakitucheka. Nilikupenda sana siku hizo, kaka. Hilo ndilo linaniudhi zaidi.

Kisha ukaleta desimali zako. Chipu ile ilijua namba nzima peke yake. Ili ihesabu kwa nukta inayohamahama, kama ulivyofundishwa chuoni, ilibidi kuipakia programu ndefu iliyomeza karibu kumbukumbu yake yote. Nikakuambia tuache hayo, tuhesabu kwa sehemu za kumi za digrii. Arobaini na tatu nukta mbili iwe mia nne thelathini na mbili, na nukta ikae mahali pamoja, tuionyeshe kwenye kioo tu kwa ajili ya macho ya watu. Mama akiuza mahindi husema robo ya debe? Husema gorogoro mbili, mikebe mizima, na hajawahi kukosea. Ulinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Hiyo ni hesabu ya soko," ukasema. "Floating point ndiyo proper. Wewe shikilia soldering."

Basi nikashikilia soldering, kuunganisha waya kwa risasi. Nafasi ilipokwisha kwenye chipu, ukatoa kile kipande cha programu kilichokuwa kikiangalia kama waya wa kipimajoto umeng'oka. Nilipiga kelele, ukaniambia waya hautang'oka. Feni ya kikaushio ilitikisa ukuta mzima, na waya ukang'oka. Mashine ikadhani mahindi ni baridi, ikaendelea kuwasha moto, tena kwa desimali safi kabisa. Mbegu zilitoka zikiwa nzuri kwa macho. Wakulima walipanda, mvua ikanyesha, na shamba la Mzee Kiptoo likabaki udongo mtupu. Wewe tayari ulikuwa kwenye ndege.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hakuna msemo wa asiyesikia la dada mdogo. Guu lililovunjika lilikuwa langu.

Niliiandika upya programu yote kwa namba nzima. Ilienea kwenye chipu na nafasi ikabaki, nikakirudisha kile kipande ulichokitoa. Niling'oa waya mbele ya wakulima makusudi, na moto ukazima papo hapo. Hawakupiga makofi. Mzee Kiptoo alivua kofia, akasema polepole, "Msichana, hii machine ilinichomea mbegu. Kama unaiamini, weka ya mama yako kwanza. Yote."

Unajua yote maana yake nini. Ni mbegu ya shamba la Yamumbi, lile tunalokodi, na hatuna nyingine. Nilikwenda kwa Mama nikidhani atakataa. Alifunga gunia, akanisaidia kuliinua.

Mashine ilipomaliza kuikausha, nilichukua punje kiasi nikazifunga ndani ya gunia lililoloweshwa, nikaziweka karibu na jiko. Nilikuwa nikilifungua kila niendapo kuchemsha chai, mpaka Mama akanifokea kwamba nazinyima mbegu usingizi. Juzi nimelifungua, na zimeota, Ouma. Zote. Vijimizizi vyeupe kila upande. Nililia pale jikoni, na Mzee Kiptoo alipopelekewa habari alileta gunia lake yeye mwenyewe.

Nilingoja Mama aniambie kitu. Aliinama, akaziangalia mbegu, kisha akachukua gorogoro, akaijaza kutoka kwenye gunia kubwa na kuiweka kando.

"Hii ni ya Ouma," akasema. "Akirudi atapanda nini?"

Mimi niliyebaki sikutengewa hata kiganja.

Basi mbegu yako iko hapa, juu ya kabati, nimeifunika na sahani. Waandikie watu wa Moiben. Andika kwa mkono wako kwamba ulikosea, hata kwa mstari mmoja. Mvua ikija kabla ya barua yako, nitaipanda hiyo gorogoro kwenye mstari wako pale Yamumbi, na nitaipalilia mimi, kama kawaida.

Baki salama huko, kichwa ngumu.

Ni mimi dada yako mdogo, uliyeniachia mashine.