Maharagi Bado

Jumanne, 5 Machi 1996

Leo nimeaibika! Mi Huseni, mufasiri wa filme wa mutaa muzima wa Bwiza, nimekosa la kusema. Amur, patron mwenye chumba cha video, ameweka kaseti iliyoachwa na muzungu mumoja wa mutaa wa Kiriri aliyekimbia vita. Ndani yake bibi kizee anachambua maharagi. Nusu saa! Hakuna bunduki, hakuna neno. Mi natafsiri nini sasa? Nikashika mikro yangu ya kusemea, nikatunga: anatafuta sumu amutilie bwana yake! Watu wakacheka. Mwanamuke mumoja akaniambia ninyamaze. Mi! Kwenye kazi yangu!

Watu wakachoka, wakatoka, Amur akazima. Yule mwanamuke akabaki kwenye benchi, anauliza mwisho uko wapi.

Jumatano, 6 Machi

Amerudi. Anaitwa Consolée, wa mutaa wa Kamenge, tangu mwaka jana anakaa kwa dada yake hapa Bwiza. Nikamuuliza kwa ukali — unapenda nini mule, hakuna kitu kinatokea! Akasema ndiyo hicho. Siku nzima, hakuna kitu kinatokea. Halafu akasema siku walipokimbia vita Kamenge aliacha maharagi kwenye moto. Anataka kuona yanaiva.

Na mi niliweka sumu. Mujinga mimi!

Nikamuwekea kaseti tena. Sufuria ya bibi ikaanza kuchemka, umeme ukakatika.

Ijumaa, 8 Machi

Baada ya swala nimekuta Amur anabandika skochi, ile karatasi ya gundi, kwenye kitundu cha ile kaseti. Ukibandika pale, inakubali kurekodiwa juu yake. Kesho saa tisa kuna mupira kwenye televisheni, anataka kuurekodi, na kaseti tupu mujini hakuna. Nikamwambia achukue ya karate, tunazo kumi na moja!

— Apana, karate watu wanaipenda. Hii nani anaitaka?

— Iko mutu.

— Mutu mumoja si kitu, we Huseni.

Wallahi nilitaka kumupiga! Mutu mumoja si kitu — ndivyo wanavyosema wote katika inchi hii, na ona tulipofika. Sikula.

Jumamosi, 9 Machi

Saa nane na nusu. Naandika juu ya goti. Nimeanza filme saa saba, mulango nimefunga, benchi mbili nyuma yake. Consolée amekaa mbele. Mikro sijaigusa. Kumbe maji yanasikika yakichemka! Mi ndiye nilikuwa nayafunika na mudomo wangu.

Amur anagonga, na watu wa mupira nyuma yake. Benchi zinasogea.

— Huseni! Fungua! Ee Huseni, sema kitu!

Sisemi. Bibi amefunua sufuria, ametoa haragi moja, analiminya na vidole.

Consolée anatikisa kichwa. Bado.