Mzee Aliye Ndani ya Simu

Msambweni, Jumatano, baada ya Isha

Anazidi kunenepa, yule mzee aliye ndani ya simu. Anakula wali wa nazi, samaki na mchicha, na kila jioni programu inamsifu kwa nguvu alizopata. Mimi suruali yangu naifunga kwa kamba.

Binti yangu Riziki ndiye aliyenifundisha kuipiga picha kila sahani, ili simu ikadirie lishe na kumpelekea picha na majibu huko Nairobi. Picha ni za kweli. Lakini koo langu halipitishi tena ila uji, na nikishapiga picha, anayekula ni paka. Nilitaka Riziki asihangaike.

Leo mchana amenitumia ujumbe wa sauti. "Shikamoo baba. Mashaallah, unakula kunishinda mimi. Basi nitakuja baada ya Idi, hunikimbii wewe." Akacheka.

Idi sitaifikia. Mwili umeshaniambia.

Jioni nilishindwa kumpigia. Nikaulaza mkono wangu juu ya sahani tupu, nikaupiga picha. Simu ikaandika: kuku, mifupa mingi, nyama kidogo. Ikauliza kama nimemaliza kula.

Nimeutazama mkono ule kwenye kioo cha simu mpaka nikaacha kuujua kuwa ni wangu. Yule mzee mnene hakuwapo tena.

Picha imekwisha kumfikia Riziki. Simu inaita, jina lake limewaka. Nimeandika haya kwanza, nisije nikamwambia tena kwamba nimeshiba.