Kibarazani Pako Hapauzwi Chipsi

Mwanasha, shoga yangu,

Sikuulizi hali, maana ya huko uliko anayajua Mola peke yake, nami namwomba akupe nafasi pana. Nakuletea habari za kibaraza chako cha hapa Timbwani. Bado kipo. Na wallahi, kitaendelea kuwepo.

Hitima ya arobaini ilipokwisha, mwanao Hamisi alituweka kitako sisi wakubwa. Akasema anataka kumkodisha kibaraza kijana wa chipsi. Nikamwuliza, na watoto uliokuwa ukiwafundisha pale je? "Watoto wana masomo yao, Mama Mwalimu. Hicho Kidigo watakisikiasikia tu."

Watakisikia kwa nani, Mwanasha? Kwa karai la mafuta?

Unakumbuka siku niliyokueleza unachofundisha kinaitwaje? Ulikuwa umekaa juu ya mbuzi, unakuna nazi, wajukuu wako na watoto wa jirani wamekuzunguka. Hukuwa ukiwauliza hiki ni nini na kile ni nini. Ulimpa mmoja kata ya maji, ukamwambia "pore pore", naye akamimina taratibu mtungini, ulimi nje, asimwage. Mwingine ulimwambia "sambi!", yaani sasa hivi, na asipoinuka papo hapo wenziwe humzomea. Nikakwambia: shoga, hivyo ni vielezi. Jina hutaja kitu, kitenzi hutaja tendo, kielezi hutwambia tendo lilifanywa vipi, wapi, lini. Ukaacha kukuna. "Kumbe mie mwalimu wa vielezi miaka yote hii, na serikali haina habari!" Ukacheka mpaka kifuu kikakuponyoka.

Tangu siku ile nimekuwa nikisikiliza watu. Majina ya vitu hayapotei upesi. Mtu aliyesahau Kidigo chote bado atalijua jina la mboga aliyopikiwa na nyanyake. Yanayotangulia kwenda ni haya madogo. Simama kwenye foleni ya feri, utawasikia Wadigo wawili wanazungumza lugha yao, lakini kesho kwao ni kesho. Machero imekwisha kuwahama, wala hawajui ilihama lini. Wewe ulilijua hilo bila kusomeshwa na mimi, ndiyo maana ulianzia hapo.

Basi mbele ya Hamisi sikulia. Nililia nyumbani kwangu. Yeye nilimwuliza swali.

Unajua sisi wanawake hatukuwako makaburini. Lakini mume wangu, Bakari, alisimama ukingoni, akarudi akanihadithia. Hamisi ndiye aliyeshuka kaburini kukupokea. Waliokuteremsha wakafanya haraka kidogo, naye akapaza sauti kutoka mle ndani: "Pore pore! Pore pore, ni mayo!"

Mayo, Mwanasha. Mama. Yeye ambaye hata salamu ya Kidigo huijibu kwa Kiswahili.

Nikamwambia: "Hamisi, ulipokuwa mle, mamako mikononi, ulisema kwa lugha gani?" Ndugu yako mkubwa akakohoa. Nikasema: "Neno hilo hukupewa shuleni. Ulipewa hapa kibarazani, na kata ya maji mkononi, ukimlowesha mamako miguu. Na siku yako wewe, mwanangu, nani atawaambia watu wakuteremshe hivyo? Wanao ukiwaachia majina ya samaki tu, watakusomea samaki?"

Nisikudanganye, hakukubali. Alisema, "Mama Mwalimu, wewe una maneno," akatoka.

Asubuhi yake kijana wa chipsi akaja na jiko lake. Akanikuta mlangoni, nimekalia mbuzi yako, nakuna nazi ambayo hata sikuwa na haja nayo. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa pana watu." Akatazama huku na huku. "Watu gani, nyanya? Niko na wewe tu." Nikamjibu, "Ngoja." Wakaanza kuja, wako na wa jirani, na kata zao. Kijana akabeba jiko lake akavuka barabara. Chipsi zake si mbaya, nimezionja.

Jioni Hamisi akarudi kutoka kazini Changamwe. Mtungi ulikuwa katikati ya njia, umejaa pomoni, na binti yake mdogo ameulinda kwa mikono miwili. Nilijua akitaka kumaliza mambo angesema tu watoto watoke. Hakusema. Alivua viatu, akavishika mkononi, akapita pembeni ya mtungi ule hatua kwa hatua, kama mtu aliyebeba kitu. Binti akamwambia, "Vinono, baba." Vyema. Nami nikainamia nazi yangu.

Sijui kesho kutwa atasema nini. Akisema, atanikuta. Naahidi kukaa pale maadamu magoti yangu yanakubali mbuzi. Yakigoma nitaletewa kiti, na nikishindwa kiti, nitandikiwe mkeka. Walete karai la ukubwa wowote.

Wewe kwaheri hukuipenda. Hata jioni ile ya mwisho, pumzi zenyewe za kuazima, ulinishika kidole ukaniambia neno lako la kila siku la kuagana. Sikukujibu. Nilidhani ukikosa jibu utangoja.

Jibu lako hili hapa, shoga. Machero.

Zainabu wako